Safu Mbili

Mita elfu mbili na mia moja, Agosti,
na theluji bado imekaa kivulini mwa mwamba
kama mgeni asiyejua kuaga.
Curdin amepiga magoti, lenzi jichoni.
"La bustani," asema.
Nang'oa.

Kazi yenyewe haihitaji maelezo mengi.
Daftari la jimbo lina safu mbili:
Ya hapa. Yaliyotoroka.
Ya kwanza tunayahesabu, ya pili tunayatia guniani.

Geuza ua, nilifundishwa, utazame kisogo chake,
kwenye zile pembe tano zinazoweka asali.
La mlima pembe zimenyooka, zimepinda ncha tu,
kama mtu anayekusikiliza bila kukubali.
La bustani limezikunja, ndoana tupu.
La mlima ni buluu, basi, halina mjadala.
La bustani huvaa waridi, zambarau, wekundu wa mvinyo uliomwagika,
petali juu ya petali, marinda ya harusi ya mtu mwingine.
Na ukishindwa na hayo yote, angalia majirani.
La mlima husimama na nyasi ngumu na vipande vya chokaa.
La bustani halijazoea upweke:
huota kwa mstari, karibu na upupu, karibu na ukuta,
hata kama ukuta haupo.

Ukuta haupo.
Curdin anapima mstari kwa hatua zake, saba na nusu,
anashangaa umenyooka hivi.
Simwambii mara moja.

Hapa shangazi ya bibi yangu, Barbla, alikamua ng'ombe wa watu
majira thelathini ya joto.
Mbegu alizipata kwenye hoteli ya bondeni alikofulia mashuka,
akazipandisha huku ndani ya kastabini
aliyoiziba kwa nta ya mshumaa.
Februari moja poromoko la theluji lilishuka usiku.
Hakufa mtu, kibanda kilikuwa kitupu.
Lilibeba paa, kuta, benchi, na dirisha
ambalo maua yalipandwa ili yalitazame.
Barbla hakujenga tena.
Juni ilipofika, yalichanua palepale,
yakitazama hewa.

"Ungeniambia," Curdin asema, na koleo halishushi.
Namwambia endelea.

Hamsini na nane. Hamsini na tisa.
Yaliyotangulia kuchanua yamekwisha kukauka,
vifuko vyao vinalia kama njuga ukivigusa.
Sitini.

Kisha hili, peke yake, chini ya jiwe lililopasuka:
buluu kamili, kubwa, petali chache kama inavyopasa,
majirani wote wa heshima.
Lakini pembe.
Pembe zimepinda nusu,
kama mtu aliyeitwa akiwa tayari mlangoni.

Curdin analala kifudifudi, analitazama kwa chini,
analitazama tena bila lenzi.
"Nyuki," asema hatimaye,
kwa sauti ya mtu anayemtaja mwizi anayemjua.
Simu haina mtandao.
Penseli yangu inasubiri juu ya safu ya kwanza,
inahamia ya pili, inarudi.

Maagizo yako wazi, ukurasa wa nne:
lenye shaka ling'olewe.

Mzizi ulikuwa mnene kuliko nilivyodhani,
ulitoka polepole, na udongo mweusi
ambao mlima huu hauna, udongo wa samadi,
na kipande cha sahani, cheupe, chenye ukingo wa kijani.
Niliandika 61.
Curdin akafunga gunia, tukashuka bila kusemezana
hadi kwenye daraja.

Usiku, nikivua soksi, zikadondoka mbegu sakafuni.
Nyeusi, zinang'aa, ndogo kuliko kichwa cha siafu.
Nilileta taa. Nilileta hata lenzi.
La mlima, la bustani, la katikati:
mbegu zote nyeusi.

Nikaziokota moja moja kwa ncha ya kidole kilicholowa,
kumi na moja,
nikasimama nazo kiganjani, miguu pekupeku, sakafu baridi,
kisha nikaenda kufungua droo ya cherehani.